Herufi za vinili kwenye makopo ya jikoni: kioo kinashika, plastiki inatema. Kwa nini?

#1 KopoTupu
Wakuu, naombeni mawazo. Nina makopo ya jikoni, mengine ya kioo, mengine ya plastiki. Nimeyakatia majina kwa vinili ya kubandika (ile plastiki nyembamba ya rola yenye gundi nyuma, inayokatwa herufi kwa mashine): SUKARI, CHUMVI, UNGA, MCHELE na wenzao. Rola moja, mashine moja, siku moja. Ya kioo yameshika utadhani yametoka hivyo kiwandani. Ya plastiki ndiyo yananisumbua akili: mengine yapo imara, mengine herufi zinainua pembe. K ya SUKARI ndiyo iliyoanza, ikafuata M ya CHUMVI. Yote niliyafuta kwa spiriti kabla ya kubandika, na hakuna lililowahi kulowekwa kwenye maji.

Swali: tatizo ni plastiki au ni vinili? Na kama ni plastiki, mbona siyo yote?

#2 Sirudi_Tena
Andika kwa makapeni. Uzi ufungwe.

#3 FundiHerufi
Kabla hatujailaumu vinili, pindua kila kopo utazame kitako. Kuna pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Namba hizo zilianzishwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya kutenganisha plastiki za kurejelezwa, ila sisi wabandikaji zinatusaidia kuliko walivyokusudia. 1 ni PET, 2 na 4 ni polithilini, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini, 7 ni "nyinginezo".

Gundi haishiki kwa ukali wake tu. Lazima kwanza itandae juu ya uso na kuulowesha, na kuna nyuso zinakataa kuloweshwa. Nguvu hiyo ya uso hupimwa kwa milinyutoni kwa mita: polithilini na polipropilini ziko kwenye 30 hivi, PET inapita 40, kioo safi kinahesabiwa kwa mamia. Ndiyo maana kioo chako hakina maneno.

Jaribio la bure: dondosha tone la maji kwenye kopo safi, kavu. Likijikusanya kama shanga, gundi nayo itasusa. Likitandaa, bandika bila wasiwasi.

#4 MamaVyombo
Fundi yuko sawa, ila ameruka swali la kwanza kabisa: vinili gani? Rola hizi zina namba zake. Mfano chapa ya ORACAL: 631 ina gundi ya maji, imetengenezwa ili ibanduke bila kuacha alama, kazi yake hasa ni ukutani. ORACAL 651 ina gundi ya kudumu. Watu wanapenda 631 kwa sababu haing'ai na inapendeza machoni, wanaiweka kwenye chombo kinachofutwa na kuoshwa, halafu wanakuja kulia. Ikibanduka imefanya ilichoagizwa.

Kwa hiyo KopoTupu, tuambie namba ya rola.

#5 Kibano
Mimi huchagua kwa unene. Nikishika mkononi, ile nene ndiyo imara. Sijawahi kusoma namba.

#6 MamaVyombo
Kibano hapana ndugu yangu. 631 ina mikroni 80 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), 651 ina mikroni 63. Yaani ile ya kubanduka ndiyo nene kuliko ya kudumu. Unene haukwambii chochote kuhusu gundi.

#7 Kibano
Leo nimevuliwa nguo hadharani. Asante mama.

#8 FundiHerufi
Niongezee hapo kwa MamaVyombo. Zote mbili alizotaja ni za kundi moja: plastiki hubanwa kwenye rola za moto mpaka iwe karatasi. Ikishavutwa hivyo inabaki na hamu ya kurudi ilivyokuwa, ndiyo maana baada ya muda kingo hujivuta ndani kidogo na unaona ufito wa gundi pembeni ya herufi. Kundi la pili humiminwa ikiwa majimaji, kisha hukaushwa kwenye tanuri. Haina mvuto wa ndani, na ni nyembamba zaidi, mikroni 50 hivi. Ni ghali, hutumika kwenye magari. Kwa kopo la sukari ni anasa, lakini ukimwona mtu herufi zake hazijawahi kunyanyuka, muulize kama siyo hiyo.

#9 Sirudi_Tena
Kwa hiyo ili nijue sukari iko wapi nahitaji tanuri na mikroni. Makapeni jamani.

#10 KopoTupu
Nimerudi na majibu. Rola ni 651, nyeusi. Kwa hiyo MamaVyombo, hapo sikamatiki.

Namba za vitako: yapo ya aina mbili, 1 na 5. Nikaanza kufurahi kwamba Fundi amemaliza. Sasa sikilizeni: SUKARI iliyobanduka ni 5, sawa. Lakini MCHELE nayo ni 5 na imeshika barabara. CHUMVI ni 1 na inabanduka! Tone la maji limejikusanya kwenye MCHELE vilevile na herufi hazijali. Nadharia imeingia maji.

#11 FundiHerufi
Haijaingia maji, imeongezewa jambo. Plastiki kutoka kwenye kalibu huweza kuja na mabaki ya ute unaopakwa ili chombo kitoke bila kung'ang'ania. Kopo moja likiwa na mabaki mengi, jingine kidogo, utaona tofauti hata kama namba ni moja. Na spiriti ya kawaida ya asilimia 70 ina maji mengi ndani yake. Ukiiacha ikauke yenyewe, uchafu inaoyeyusha inaurudisha palepale. Unafuta kwa kitambaa kimoja, unakausha kwa kingine kabla haijakauka yenyewe.

#12 BiKabati
Nyie mnaangalia vitako, mimi naangalia mikono. Kopo gani jikoni hushikwa kuliko yote? Sukari na chumvi. Kopo gani hufunguliwa mara moja na kurudishwa? Mchele. Kopo la plastiki laini ukilishika kwa mkono mmoja kufungua mfuniko, ukuta wake unabonyea. Ukuta ukibonyea, stika haijui kubonyea nao kwa kasi ileile, na sehemu ya kwanza kuachia ni pembe kali: K, M, Z, A. Hebu KopoTupu tuambie, zilizobanduka zilianzia upande gani, wa kushika au wa nyuma?

#13 KopoTupu
Upande wa kulia wa neno. Natumia mkono wa kulia.

#14 BiKabati
Haya.

#15 Mzee_wa_Gundi
BiKabati usishangilie mapema. Chumvi na sukari vilevile ndivyo hukaa karibu na jiko. Mvuke wa mafuta unapanda, unatua kwenye kila kitu, hata usipouona. Mafuta ni adui wa gundi hizi. Ndiyo hayohayo tunayotumia kutolea mabaki ya gundi kwenye chupa za kioo. Yakiingia chini ya kingo ya herufi yanalainisha taratibu. Pitisha kidole kwenye mfuniko wa kopo la karibu na jiko, halafu pitisha kwenye la kabatini. Utapata jibu lako.

#16 BiKabati
Mzee, kama ni mafuta, mbona kioo cha karibu na jiko hakibanduki?

#17 Mzee_wa_Gundi
Kwa sababu kioo kilishikwa vizuri tangu mwanzo, hakuna mwanya wa kuingilia. Mafuta hayavunji mlango, yanapita uliokuwa wazi.

#18 Mchambuzi
Naona hakuna aliyeuliza alisubiri muda gani kabla ya kuyatumia. Gundi hizi ni za kubonyeza: zinapata nguvu kwa shinikizo na kwa muda. Saa ya kwanza inaonekana imeshika, kumbe bado inajipenyeza. Kanuni ya kawaida ni saa 24 bila kuigusa, na ukitaka kuosha subiri zaidi, saa 72 ni salama. Sukari na chumvi ndizo zilizojazwa na kurudi kazini siku hiyohiyo, nadhani. Mchele ulikaa.

#19 KopoTupu
Mchambuzi sikumbuki ni lipi lilijazwa lini, ila chumvi haiwezi kusubiri siku nzima nyumbani kwangu, hilo nakiri.

#20 Pini_na_Wembe
Mimi nabandika hizi kwa ajili ya watu na nina sababu yangu ambayo haijatajwa: fonti. KopoTupu umetumia fonti gani? Nina wasiwasi ni ile nyembamba ya mwandiko wa kuunganisha, au yenye vimkia.

Herufi yenye mstari wa milimita moja ina gundi kiasi gani chini yake? Karibu hakuna. Kadiri mstari unavyokuwa mwembamba, kingo zinakuwa nyingi kuliko tumbo, na kubanduka kote huanzia kingoni. Ushauri wangu kwa makopo: fonti nene isiyo na vimkia, pembe ziwe za duara kidogo kama programu inaruhusu, na mstari usiwe chini ya milimita 2. Ukipenda mwandiko wa kuunganisha, hakikisha umeziunganisha herufi ziwe umbo moja kabla ya kukata. Usipofanya hivyo mashine inakata kila herufi peke yake na zile sehemu zinazopandana zinakuwa na mikato katikati. Kila mkato ni mlango.

Na kuna kosa la kukata kwa kina mno. Kisu kinatakiwa kupasua vinili tu na kuacha karatasi ya chini nzima. Kikishuka hadi kwenye karatasi, ukichambua (kuondoa vinili isiyo ya herufi) utaona nyuzi za karatasi zimeng'ang'ania gundi ya kingo. Hapo umebandika karatasi, siyo gundi. Daima kata kwanza kipande kidogo cha majaribio kwenye kona ya rola. Kisu huchakaa na namba ya jana haifai leo.

#21 Kibano
Hiyo ya kuchambua ndiyo kazi hasa. Ndani ya A, ndani ya R, nukta ya i... nukta ya i huwa inaondoka na taka na mimi siioni mpaka nimeshabandika.

#22 Pini_na_Wembe
Kibano tumia herufi kubwa tupu, I haina nukta 😄. Halafu usichambue kwa kuvuta juu. Rudisha taka nyuma ikilala juu yake yenyewe, taratibu, kutoka kona moja. Vilivyobaki ndani ya herufi unavidokoa kwa pini.

#23 Tepu_Tupu
Kuhamishia herufi kutoka kwenye karatasi yake hadi kwenye kopo mnatumia nini? Mimi tepu ya kuhamishia ilinishinda: inashika karatasi vizuri, inashika herufi vizuri, ikifika kwenye kopo inaondoka nazo!

#24 MamaVyombo
Tepu yako ni kali kuliko gundi ya herufi. Ipunguzie ukali: ibandike kwenye nguo safi mara moja au mbili kabla ya kuitumia. Tepu ya karatasi ya mafundi rangi nayo inafaa kwa maneno mafupi. Na wakati wa kuivua usivute kuelekea kwako. Ikunje irudi nyuma ikiambaa na kopo. Herufi ikigoma, rudisha, isugue kwa kadi ngumu, vua tena.

#25 Pini_na_Wembe
Na hapa niseme jambo kwa KopoTupu. Kama wakati wa kubandika uliivuta tepu ili ilale kwenye mviringo wa kopo, umezinyoosha herufi. Alichoeleza Fundi kwenye #8, hamu ya kurudi, unakuwa umekiongeza kwa mkono wako. Anza katikati ya neno, toka kulia na kushoto bila kuvuta.

#26 Sirudi_Tena
Mpaka sasa sababu: plastiki, ute wa kalibu, spiriti, mkono wa kulia, mafuta, haraka, fonti, kisu, kuvuta. Bado mwezi mpevu.

#27 FundiHerufi
Umeahidi hutarudi, jina lako linasema hivyo.

#28 Mgeni_Jikoni
Samahani, kwani haiwezekani kubandika kwa ndani ya kioo? Unageuza maandishi yawe kinyume, mikono haigusi, mafuta hayafiki. Kwisha.

#29 Mchambuzi
Usifanye hivyo. Vinili hii ni plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa vilainishi, na gundi yake haikutengenezwa kugusana na chakula. Kwa nje tu, tena mbali na mdomo wa chombo. Kwanza kwa ndani utaoshaje?

#30 Santuri_Kuukuu
PVC? Kwa hiyo herufi za sukari na santuri za muziki ni mtu na binamu yake?

#31 Mchambuzi
Ndugu wa karibu. Santuri nyingi za zamani za vinili ni kopolima ya vinili kloridi na vinili asetati, ngumu. Yako ya jikoni imetiwa vilainishi ndiyo maana inakunjika. Kuilainisha hivyo kulianza Marekani, Waldo Semon wa B.F. Goodrich, mwaka 1926.

#32 Santuri_Kuukuu
Nitaipigia sukari sindano nione inasemaje.

#33 BiKabati
Wakati mnapiga santuri, nizungumze jambo linalonikera kuliko kubanduka: rangi. Watu wanachagua rangi ya herufi kwa kutazama kopo tupu. Kopo la kioo halina rangi. Rangi yake ni kilichomo. Nyeusi kwenye unga inasomeka toka mlangoni. Nyeusi hiyohiyo kwenye majani ya chai au karafuu inapotea kabisa. Nyeupe kwenye karafuu ni safi, kwenye chumvi ni kama hujaandika. Na kilichomo hushuka! Ukibandika juu karibu na mdomo, kopo likiwa nusu, neno linabaki linaelea kwenye kioo kitupu na nyuma yake unaona ukuta wa kabati.

Ninavyofanya mimi: nakata kwanza kibandiko cha nyuma, duaradufu au mstatili wenye kona za mviringo, rangi moja kwa makopo yote, kisha herufi zinakaa juu yake. Unakuwa umeondokana na kilichomo. Tena vinili hushika vinili mwenzake vizuri, na kibandiko kikubwa kina gundi ya kutosha (Pini utafurahi). Wale wanaosema inaharibu uzuri wa kioo, sawa, endeleeni kuokota chumvi mkidhani ni sukari.

#34 Pini_na_Wembe
Nimefurahi. Ila kibandiko kikubwa kwenye kopo la plastiki linalobonyea, si ndiyo kitaleta mikunjo? Kwa nadharia yako mwenyewe ya #12.

#35 BiKabati
Kwa plastiki nabandika kwenye mfuniko.

#36 Mzee_wa_Gundi
Mfuniko! Hapo nakataa kwa sauti. Mifuniko hubadilishana. Umeosha makopo manne yanayofanana, mtoto karudisha mifuniko anavyojua, sasa karanga imevaa mfuniko wa ufuta. Nyumba yenye mtu ambaye karanga zinamdhuru, hilo siyo suala la urembo. Jina likae kwenye kinachobeba chakula.

#37 BiKabati
Na kopo likiwa kwenye droo, unasoma ubavu wake kwa macho gani?

#38 Mzee_wa_Gundi
Pande zote mbili basi. Mfuniko kwa droo, ubavu kwa usalama.

#39 MamaVyombo
Hapo mmeongea. Na msisahau tarehe: ukihamisha kitu kutoka pakiti yake unatupa tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo ya kupika. Usiikate kwa vinili, utakuwa unakata kila wiki. Kipande cha tepu ya karatasi kitakoni, kalamu, basi.

#40 Sirudi_Tena
Kalamu. Asanteni. Nilisema tangu #2.

#41 Kibano
Nikitaka kuzitoa zilizochoka bila kukwaruza plastiki?

#42 Mzee_wa_Gundi
Joto dogo, drai ya nywele ya vuguvugu, vuta polepole ikiwa imelala. Usitumie maji ya moto sana kwenye namba 1, PET hulegea na kupinda. Mabaki yasugue kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, kisha spiriti. Usipopitisha sabuni na spiriti, stika mpya itakaa juu ya mafuta na utarudi hapa kufungua uzi mwingine.

#43 Tepu_Tupu
Swali la mwisho kutoka kwangu. Kopo langu ni pana juu, jembamba chini. Nimebandika neno refu kwa kupima na rula, limenyooka kabisa kwenye tepu, kwenye kopo linacheka: pembe zimepanda juu pande zote mbili. Sijalivuta.

#44 Kibano
Likunje kwenye programu liwe kama bakuli, litanyooka.

#45 Pini_na_Wembe
Kinyume chake Kibano! Ukilikunja kama bakuli litacheka zaidi. Kopo pana juu ukilifungua likawa bapa linakuwa kipande cha pete, na kitovu cha pete kiko chini. Kwa hiyo mstari unaoonekana umenyooka kwenye kopo, ukiwa bapa ni upinde: katikati juu, ncha chini. Kunja kama upinde wa mvua.

Kiasi cha kukunja kinapatikana kwa hesabu. Chukua nusu kipenyo cha juu, zidisha kwa urefu wa ubavu, gawa kwa tofauti ya nusu vipenyo viwili. Mfano kipenyo cha juu sentimita 10, cha chini 8, ubavu 12: 5 mara 12, gawa kwa 1, unapata 60. Huo ndio urefu wa kutoka kitovuni hadi ukingo wa juu.

#46 Tepu_Tupu
Kopo langu lina vipimo karibu na hivyo. Kwa hiyo naweka 60 kwenye programu?

#47 FundiHerufi
60 ni kwa neno lililo ukingoni kabisa. Ukishuka, unapunguza ulichoshuka. Katikati ya ubavu ni 54, kitakoni 48. Na urefu wa ubavu upime kwa tepu ya fundi nguo ikiwa imelala kwenye kopo, usipime wima kutoka mezani.

#48 Tepu_Tupu
Nakata ya 54 kwenye karatasi ya kawaida kwanza.